Mpangaji wako transjenda akizingirwa, fanya hivi

Napangisha vyumba Chang'ombe, hapa Dodoma, na haya nawaambia wenye nyumba wenzangu. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa.

Vijana wakijaa getini wakipiga kelele "Mtoeni!", usianze kubishana nao habari za dini. Mwingize mpangaji ndani, piga komeo, piga 112. Kisha mtafute mmoja unayemjua: "We mtoto wa mama Neema, mama yako anajua uko hapa?" Kundi hulegea likianza kuitwa mmoja mmoja.

Ameumizwa? PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, hutolewa polisi, lakini damu ikimwagika, hospitali kwanza. Majeraha yapigwe picha, akikubali. Msindikize polisi, tena uulizie hapo Dawati la Jinsia na Watoto. Elezeni kipigo tu: nani, wapi, kwa kutumia nini. Chumbani kwake hakuwahusu. Nani asiyejua mtu wa namna hii akienda peke yake anavyodhalilishwa?

Wakisema ni kichaa, wajibu kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, ICD-11, na humo kuwa transjenda si ugonjwa wa akili.

Usimpe notisi, nakuomba. Mwite jina analojiita, na asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na majina ya waliovamia.