Diski C imejaa? Anza na nakala za kurejesha mfumo

Msimu wa korosho ukianza, steshenari yangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, hupokea laptopu za makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kutoka Tandahimba na Newala. Tatizo huwa karibu moja: diski C nyekundu, Excel inagoma kusevu orodha ya wakulima. Nyingi ni laptopu za mtumba zenye SSD ya GB 128, ambayo Windows huisoma kama 119. Mwenyewe keshafuta picha na miziki, nafasi bado hakuna. Mara nyingi mlaji ni nakala za kurejesha mfumo, yaani kumbukumbu za jinsi Windows ilivyokuwa siku za nyuma, zilizo ndani ya folda iliyofichwa, System Volume Information. Folda hiyo usiilazimishe kufunguka. Pita huku:

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika SystemPropertiesProtection bila kuacha nafasi, kisha Enter. Chagua C, bofya "Configure", usome "Current Usage". Ukikuta GB 1 au 2, mchawi si huyu. Ukikuta 10 au 12, umempata. Vuta kile kishale cha "Max Usage" kirudi kwenye asilimia 4, ambayo kwa diski hiyo ni karibu GB 5, halafu "Apply". Windows yenyewe itatupa nakala za zamani na kubakiza za karibuni. Kitufe cha "Delete" hufuta zote. Ukikitumia, rudi dirisha la nyuma, bofya "Create" upate nakala mpya saa hiyohiyo, mashine ikiwa nzima.

Kuna sehemu imeandikwa "Disable system protection". Hiyo iache. Mafundi wengi huibofya kwa kuwa nafasi hupatikana haraka, na kwa kweli inaniuma. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, au driva mpya ya printa ikivuruga mashine, nakala hizo ndizo za kukurudisha jana. Asiye nazo ataambiwa tu apige Windows upya, na katikati ya msimu karani hana siku ya kupoteza.

Kuzipunguza hakugusi barua, picha wala orodha zako. Ila zisikudanganye pia: si hifadhi ya kazi zako. Orodha ya wakulima iwe na nakala kwenye flashi.

Kama umepandisha Windows karibuni, kuna Windows.old, folda yenye Windows yako ya zamani, na hiyo huwa kubwa sana. Hujiondoa baada ya siku 10. Ukiwa na haraka, nenda Settings, System, Storage, Temporary files, weka tiki kwenye "Previous Windows installation(s)", lakini kwanza hakikisha printa na skana zinafanya kazi, maana ukishafuta huwezi kurudi toleo la zamani.

Laptopu nyingine zina diski D iliyoandikwa RECOVERY, nayo ni nyekundu. Hiyo imetoka kiwandani imejaa, usifute kitu: ndiyo ya kupigia Windows upya bila kupakua. Kama uliweka picha zako humo, hamisha hizo tu. Faili la kupigia Windows lina zaidi ya GB 4. Aliyeko Kitangari na bando la simu atalipakua lini?

Bado C imebana? Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika powercfg /h off. Faili la hiberfil.sys litaondoka na GB kadhaa. Hibernate (kuzima mashine huku kazi zako zikibaki wazi) haitakuwepo tena, na kompyuta itachelewa kidogo kuwaka. Ukiitaka tena, andika powercfg /h on.