Kujiandaa na Kupunguzwa Kazi Ukiwa Malindi na Kampuni Yako Ikiwa Mbali

Siku niliyopunguzwa kazi nilikuwa nimeketi barazani nyumbani Malindi, nikajaribu mara tatu kufungua barua pepe ya kazini, na kila mara nikaambiwa nywila si sahihi. Barua ya notisi ilifika saa tano kwenye anwani yangu binafsi. Kufikia hapo, hati zangu za mshahara za miaka minne, mkataba na hesabu ya siku za likizo vilikuwa vimebaki ndani ya mfumo nisioweza tena kuuingia. Wala si ajabu: Google ilipotangaza Januari 2023 kwamba ingepunguza wafanyakazi wapatao 12,000, baadhi ya waliokuwa Marekani walizinduka wakakuta akaunti zao zimekwisha kufungwa. Ndiyo maana vijana wa hapa wanaofanyia kampuni za teknolojia kazi kwa mbali wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia waanze na karatasi, akiba ije baadaye.

Basi pakua leo mkataba wako na nyongeza zake zote, hati za mshahara, fomu ya P9 (inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi iliyokatwa) utakayoihitaji kuwasilisha ritani za kodi kabla ya Juni 30 kupita, na picha ya ukurasa unaoonyesha likizo uliyobakisha, kisha uzihifadhi katika akaunti isiyo ya kampuni. Usiguse msimbo wa programu wala orodha ya wateja, kwa sababu hiyo ni mali ya mwajiri, na taarifa binafsi za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ikiwa namba za siri za benki huja kwenye laini ya simu ya kazini, hamishia kwenye laini yako. Jambo hili husahauliwa sana, nami nililisahau.

Halafu usome mkataba huo kwa utulivu. Ukiwa umeajiriwa chini ya sheria ya Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akujulishe kwa maandishi, amjulishe pia afisa wa kazi wa serikali, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu anapochagua nani aondoke, akulipe likizo uliyobakisha, akupe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na juu ya hayo malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa mfano, aliyekuwa akilipwa shilingi 120,000 na kutumikia miaka minne na miezi minane huhesabiwa miaka minne tu. Mwezi ukihesabiwa siku 30, hiyo ni shilingi 240,000 kabla ya kodi, mbali na notisi na likizo. Piga hesabu yako mapema uiweke pamoja na hati zile. Lakini wengi wetu huku pwani tumesaini mikataba ya wakandarasi, yaani watu wanaojitegemea wasiohesabiwa kuwa waajiriwa, na kampuni za ng'ambo, na kifungu hicho hakimhusu mkandarasi. Anachopata ni kile tu kilichoandikwa katika mkataba wake, na pengine ni notisi ya wiki mbili. Mtu wa namna hiyo anahitaji akiba kubwa zaidi.

Kuhusu akiba yenyewe, hesabu kodi ya nyumba, umeme, intaneti, karo na deni la chama cha akiba na mikopo, kisha uangalie kalenda. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua za masika hupunguza wageni, hoteli kadhaa za Malindi hufunga, na yule binamu aliyekuahidi kibarua cha kuwapokea watalii atakuwa mwenyewe hana kazi. Anayeachishwa Machi anahitaji fedha za kumvusha hadi wageni warudi.

Barua ikifika, usisaini siku hiyo hiyo karatasi inayosema huna dai lolote tena. Omba siku chache uilinganishe na hesabu yako. Dai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kwa mujibu wa sheria. Malipo yakipungua, mwone afisa wa kazi kwanza. Asipofanikiwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa papa hapa Malindi, na una miaka mitatu ya kufungua dai.