Ziara za nyumbani za muuguzi wa zahanati: namna ya kuzipanga ili asiyejiweza asisahaulike

Katika vijiji vyetu vya Tanzania, mzee aliyepooza kwa kiharusi mara nyingi yumo kwenye madaftari matatu: la zahanati, la mhudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) na la ofisa ustawi wa jamii. Bado anaweza kumaliza miezi bila kutembelewa, maana kila mmoja anaamini mwenzake amepita. Kwa hiyo usianze na semina wala vifaa. Anza na orodha moja.

Kaa na WAJA, mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii, mpitie kitongoji kimoja kimoja. Tafuteni wasiotoka kitandani, wazee wanaoishi peke yao au wanaolea wajukuu bila msaada, watu wenye ulemavu wanaohitaji kuhudumiwa, na wagonjwa wa kisukari au presha walioacha kuja kliniki. Mbele ya kila jina andikeni mtu mmoja anayewajibika. Mtu, si ofisi. Ugonjwa msiuandike hapo. Andikeni hitaji tu: kugeuzwa, dawa, chakula. Habari za VVU au kifua kikuu zibaki kwenye faili la zahanati. Siri ikivuja mara moja, nyumba nyingine hazitakufungulia.

Muuguzi anayeweza kutoka siku mbili kwa wiki aanze na watu 20: wanne wa kila wiki, sita wa kila wiki mbili, kumi wa kila mwezi. Hizo ni ziara 38 kwa mwezi, karibu tano kwa siku ya kutoka. Akipanga kumi kwa siku, zitageuka salamu za mlangoni. Angalia na saa pia: msimu wa kilimo anayeuguza huenda shamba alfajiri, na ukifika saa nne hutakuwa na wa kumfundisha. Kabla ya masika, walio ng'ambo ya mto waandikiwe na tabibu dawa za kuwatosha hadi njia ipitike.

Mkobani weka mashine ya presha na betri za akiba, mashine ya sukari na vijiti ambavyo muda wake haujaisha, kipimajoto, glavu, bandeji, sabuni, fomu za rufaa na tochi. Tochi wengi huisahau, na vyumba vya wagonjwa vina giza.

Sasa ngozi, kwa sababu hapa ndipo ziara inapookoa mtu. Omba ruhusa, mgeuze mgonjwa ubavu, mulika mfupa wa mkia, nyonga, visigino na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, basi pitisha mgongo wa kiganja: ukikuta sehemu yenye joto kuliko jirani yake, iliyokakamaa au iliyolegea, kidonda cha kulalia kimeshaanza hata kama ngozi haijachubuka. Mfundishe anayeuguza kumgeuza kila baada ya saa mbili, akimwegemeza kidogo kwa mto mgongoni badala ya kumlaza moja kwa moja juu ya nyonga. Mto mwingine ukae chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Asimsugue kwa spiriti wala mafuta, wala asimkalishe juu ya kata ya kitambaa (duara kama la kubebea ndoo kichwani): kusugua huumiza nyama iliyokwisha kukosa damu, na kata hukaba damu pembezoni. Kisha afanye yeye mbele yako. Kuitikia "nimeelewa" hakutoshi.

Presha ikifika 180/110 pamoja na kichwa kuuma sana, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, mpe rufaa saa hiyohiyo. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake ya damu iko chini ya 4 mmol/L, naye yu macho na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Asiyemeza usimpe kitu mdomoni; apelekwe mara moja.

Fomu ya rufaa iwe na kipande cha kujazwa hospitalini na kurudi zahanati, na WAJA akifuatilie ndani ya siku tatu. Wengi hukwama kwenye malipo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inampa msamaha mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, lakini utambulisho wake wa ofisi ya kijiji ushughulikiwe angali na nafuu. Usiku wa kuzidiwa, ofisi ya kijiji imefungwa.

Kila wiki kutaneni dakika 45 kwa maswali matatu: nani hakufikiwa, nani amezidiwa, rufaa ipi haijarudi? Jina lililorukwa mara mbili apewe mtu mwingine. Na kila mwezi muuguzi wa pili atoke na mwenzake siku moja, azijue nyumba na njia zake, kwa sababu barua ya uhamisho haingoji makabidhiano.