Jinsi ya Kuzifuata Elektroni katika Mimenyuko ya Redoksi na Seli za Umeme

Anayeanza kujifunza mimenyuko ya redoksi, yaani ile ambamo elektroni huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, hulemewa haraka na kanuni nyingi, ilhali karibu zote hujibu swali moja tu: elektroni zimetoka wapi, na zimekwenda wapi? Ukichovya kipande cha zinki katika mmumunyo wa buluu wa salfeti ya shaba, baada ya muda utaona utando wa rangi ya kahawia nyekundu ukijijenga juu ya zinki, na ubuluu wa mmumunyo ukififia. Kila atomi ya zinki imetoa elektroni mbili na kuingia katika mmumunyo ikiwa ioni (chembe yenye chaji), na kila ioni ya shaba imepokea elektroni mbili na kugeuka kuwa metali:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Kupoteza elektroni ni uoksidishaji. Kupokea elektroni ni upunguzaji. Kama vile hakuna muuzaji pasipo mnunuzi, hakuna uoksidishaji usioambatana na upunguzaji, na idadi ya elektroni zilizotolewa lazima ilingane na ya zilizopokelewa. Zinki, kwa kuwa inatoa, ni kipunguzaji. Ioni ya shaba, kwa kuwa inapokea, ni kioksidishaji. Hapa wengi huteleza, kwa sababu kipunguzaji chenyewe ndicho kinachooksidishwa.

Katika mimenyuko mingine elektroni hazionekani waziwazi kama hapo, na ndipo tunapohitaji namba za oksidisho, yaani chaji ya kuhesabia inayopewa kila atomi. Elementi iliyo peke yake hupewa 0; ioni ya atomi moja hupewa chaji yake; oksijeni kwa kawaida ni −2, isipokuwa katika peroksidi ambamo ni −1; hidrojeni ni +1 inapoungana na visivyo metali, na −1 inapoungana na metali kama sodiamu. Jumla ya namba zote lazima iwe sawa na chaji ya molekuli au ioni nzima. Katika ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻, oksijeni nne huleta −8, na kwa kuwa jumla ni −1, manganisi ni +7. Namba ikipanda, pana uoksidishaji; ikipungua, pana upunguzaji.

Sasa tusawazishe mlinganyo ambao haukubali kusawazishwa kwa kukisia: pamanganeti ikimenyuka na ioni za chuma, Fe²⁺, katika asidi. Gawa mmenyuko katika nusu mbili na ushughulikie kila nusu peke yake. Manganisi hushuka kutoka +7 hadi +2, kwa hiyo inahitaji elektroni tano. Oksijeni nne za upande wa kushoto huwekewa molekuli nne za maji upande wa kulia, kisha hidrojeni nane za maji hayo huwekewa ioni nane za H⁺ upande wa kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Kagua chaji kabla ya kuendelea: kushoto ni −1 + 8 − 5, yaani +2, na kulia ni +2. Nusu ya pili ni nyepesi, Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻, ila inatoa elektroni moja tu. Izidishe kwa tano ndipo uziunganishe nusu zote mbili:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Chaji ya kila upande ni +17. Ukaguzi huu usiuruke hata mlinganyo unapoonekana mzuri, kwani atomi zinaweza kulingana huku chaji zikipishana. Mmenyuko ukiwa katika alikali, sawazisha kwanza kana kwamba uko katika asidi, kisha ongeza pande zote mbili OH⁻ za kutosha kugeuza kila H⁺ kuwa maji.

Turudi kwa zinki na shaba. Zinapogusana moja kwa moja, nishati ya mmenyuko hupotea kama joto. Ukizitenganisha, zinki ndani ya mmumunyo wa salfeti ya zinki na shaba ndani ya mmumunyo wa salfeti ya shaba, elektroni hulazimika kupita katika waya, na hapo unapata umeme. Huu ndio msingi wa seli aliyoibuni John Frederic Daniell mwaka 1836. Daraja la chumvi, yaani mrija wenye mmumunyo wa chumvi unaounganisha mimumunyo hiyo miwili, halipitishi elektroni hata moja. Kazi yake ni kupitisha ioni, hasi kuelekea upande wa zinki na chanya kuelekea upande wa shaba, ili chaji isirundikane. Ukiliondoa, mkondo hukoma.

Ili kujua volteji ya seli, tumia potenshali sanifu za upunguzaji, yaani namba zinazoonyesha jinsi kitu kinavyovuta elektroni, ambazo hupimwa kwa kulinganishwa na elektrodi (nusu ya seli) ya hidrojeni iliyopewa volti 0. Zinki ni −0.76 na shaba ni +0.34. Toa potenshali ya anodi (upande unaotoa elektroni, hapa zinki) kutoka ya kathodi (upande unaozipokea, hapa shaba): 0.34 − (−0.76) = volti 1.10. Jibu likiwa chanya, mmenyuko hujiendea wenyewe. Usizidishe potenshali hata kama umezidisha nusu-mmenyuko ili kulinganisha elektroni: fedha ina +0.80, na seli ya shaba na fedha hutoa volti 0.46, ingawa ioni mbili za fedha zinahitajika kwa kila atomi ya shaba. Hesabu hiyo hiyo hueleza kwa nini chuma, chenye −0.44, hulindwa na zinki iliyokipaka lakini huliwa upesi zaidi kikigusana na shaba mahali penye unyevu.

Anodi ni mahali pa uoksidishaji, na kathodi ni mahali pa upunguzaji, daima. Ni vema kukariri hilo na kuachana na alama, kwa sababu alama hubadilika: katika seli inayozalisha umeme anodi ni hasi, lakini katika elektrolisisi, ambamo umeme wa nje hulazimisha mmenyuko usiojiendea, anodi ni chanya.

Kiasi cha metali kinachotua kwenye kathodi hufuata sheria za Michael Faraday. Moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya elektroni hubeba takriban kulombi 96,485. Tuseme mkondo wa ampea 2 unapitishwa kwa dakika 30 katika mmumunyo wa salfeti ya shaba. Chaji ni 2 × 1,800, yaani kulombi 3,600, sawa na moli 0.0373 za elektroni. Kila ioni ya shaba huchukua elektroni mbili, kwa hiyo gawa kwa 2 upate moli 0.0187, ambazo kwa uzito wa gramu 63.55 kwa moli ni gramu 1.19 hivi za shaba. Mkondo huo huo, kwa muda huo huo, ukipita katika mmumunyo wa chumvi ya fedha hutoa gramu 4.02, kwa kuwa ioni ya fedha hutosheka na elektroni moja na atomi yake ni nzito zaidi.