Bonasi ya ukaribisho kwenye kasino za mtandaoni: piga hesabu kabla ya kuweka pesa

Tangazo la "Bonasi 100% hadi 50,000", yaani unaongezewa kiasi sawa na ulichoweka mpaka 50,000, halina maana kwamba umepewa shilingi 50,000. Umepewa salio la kuchezea ambalo hulitoi mpaka utimize sharti la kuzungusha, yaani kucheza madau yenye jumla fulani. Jumla hiyo ina gharama, na gharama hiyo unaweza kuijua kabla hujaweka hata senti. Bonasi nyingi zikipigiwa hesabu zinakula kuliko zinavyotoa. Hizo ziache.

Hatua ya 1: Leseni na jina

Hakikisha kampuni ina leseni ya kasino ya mtandaoni kutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Umri ni miaka 18 na kuendelea. Kampuni ya nje isiyo na leseni ya hapa inaweza kukupa bonasi kubwa mara tatu, lakini ikigoma kukulipa, hapa Dar huna pa kwenda kuidai.

Kisha angalia laini yako ya simu. Watu wengi mjini wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha ndugu au cha rafiki. Kuweka pesa kutakubali, ila siku ya kutoa kampuni italinganisha jina la akaunti na jina la M-Pesa, Mixx au Airtel Money, na hapo pesa itakwama. Piga *106# uhakiki usajili wa laini, kisha fungua akaunti kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Hesabu yenyewe

Hapa usikimbie. Unahitaji namba tatu: kiasi cha bonasi, mara ngapi inazungushwa, na RTP ya mchezo, yaani asilimia ya madau inayorudi kwa wachezaji kwa muda mrefu.

Chukua bonasi ya 50,000, sharti mara 30, sloti (mchezo wa kuzungusha picha) yenye RTP ya 96%. Jumla ya madau ni 50,000 × 30 = 1,500,000. Kasino inabaki na 4%, kwa hiyo hasara inayotarajiwa ni 60,000. Umetumia 60,000 kufungua 50,000. Sharti likiwa mara 20, madau ni 1,000,000, hasara 40,000, unabakiwa na 10,000 kwa wastani. Kwa sloti ya 96%, mpaka ni mara 25. Ukivuka hapo, kwa wastani bonasi inakurudisha nyuma.

Sasa soma sentensi moja kwa makini: je, kinachozungushwa ni bonasi peke yake, au bonasi pamoja na amana? Ukiweka 50,000 ukapewa 50,000 na sharti ni mara 30 ya vyote, madau yanafika 3,000,000 na hasara inayotarajiwa ni 120,000. Salio lako lote ni 100,000. Maana yake ni kwamba wengi wanaoanza safari hiyo huishiwa salio kabla ya kuimaliza. Tofauti hiyo kubwa imebebwa na maneno mawili tu, "na amana".

RTP usiikadirie. Fungua menyu ya maelezo ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu watengenezaji huuza sloti moja kwa viwango tofauti na kasino huchagua kimoja. Sloti ileile ikiwa na 92%, hasara kwenye mfano wa kwanza inapanda kutoka 60,000 hadi 120,000.

Wapo wanaokimbilia blackjack, mchezo wa karata, kwa sababu anayefuata mbinu sahihi anapoteza takriban 0.5% tu. Lakini michezo ya mezani mara nyingi huhesabiwa 10% ya dau. Ili utimize 1,500,000 itakubidi ucheze 15,000,000, na 0.5% ya hizo ni 75,000. Ni ghali kuliko sloti.

Hatua ya 3: Masharti yanayofuta ushindi

Tafuta dau la juu linaloruhusiwa wakati bonasi iko hai. Ukilivuka mara moja tu, kampuni ina haki ya kufuta ushindi wote, na kawaida mfumo haukuzuii ukiwa unacheza. Utaambiwa siku ya kutoa. Kununua raundi ya bonasi ndani ya sloti (raundi maalumu ya mchezo, si bonasi ya kampuni) nako mara nyingi ni marufuku, kwa sababu bei yake huhesabiwa kama dau moja kubwa.

Angalia pia kikomo cha kutoa (hasa kwenye mizunguko ya bure), muda wa mwisho, na michezo isiyohesabiwa. Mchezo wa ndege, Aviator, una RTP ya 97%, lakini usidhani unahesabiwa. Soma orodha kwanza. Kwenye ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, kuweka dau kwenye nyekundu na nyeusi kwa pamoja ili "kuzungusha bila kupoteza" huchukuliwa kuwa udanganyifu, na sifuri ya ruleti bado inakula yote mawili.

Sharti zuri kuliko yote ni lile linalosema pesa yako inatumika kwanza na unaweza kuitoa kabla hujagusa bonasi. Ukikuta hilo, bonasi yenye mzunguko wa wastani inakuwa na thamani ya kweli.

Hatua ya 4: Weka pesa

Bonasi hii kwa kawaida hutolewa kwa amana ya kwanza tu. Ukijaribisha kwa 1,000, umepata bonasi ya 1,000 na nafasi imekwisha. Washa bonasi kwanza, kisha lipa kiasi chote ulichopanga kwa mara moja, ukitumia namba ya kampuni na kumbukumbu uliyopewa. Kiasi hicho kiwe pesa ambayo ikipotea yote, kodi ya chumba na nauli ya daladala havitikisiki.

Kwenye hosteli na nyumba za kupanga, Wi-Fi moja hutumiwa na wengi. Kampuni nyingi huruhusu bonasi moja kwa nyumba au kwa mtandao, hivyo jisajili kwa bando lako mwenyewe.

Hatua ya 5: Cheza kwa dau dogo

Kwa dau la 500, madau ya 1,500,000 ni mizunguko 3,000. Kwa mizunguko kumi kwa dakika, hiyo ni saa tano. Gawanya kwa siku ulizopewa. Kama muda hautoshi, usiongeze dau, kwani salio litakatika mapema. Usiongeze amana kufukuzia sharti. Programu za "kutabiri ndege" zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram ni wizi mtupu: matokeo huamuliwa kabla ndege haijapaa, na hutegemea namba zilizofichwa ambazo simu ya mchezaji haiwezi kuzisoma.

Hatua ya 6: Toa mara sharti likitimia

Piga picha ya skrini ya masharti siku ya kujisajili, na nyingine mita ya mzunguko ikifika 100%. Omba kutoa salio lote. Ombi likiwa linasubiri, kitufe cha kulighairi hubaki wazi, usikiguse. Tarajia kodi kwenye ushindi na makato ya mtandao wa simu. Kampuni ikichelewesha, andikia huduma kwa wateja kwa maandishi, na wakikaa kimya, peleka malalamiko Bodi ukiambatanisha picha zote mbili na ujumbe wa muamala.