Bei ya Wanachuo kwa Programu Uliyoitengeneza Mwenyewe

Panga kwanza bei kamili, ile inayomfaa mtu anayeingiza pesa kwa kutumia programu yako. Ukianza na bei ya chini ili wanafunzi nao waimudu, utakosa pa kupunguza, na mwenye ofisi atakuwa analipa bei ya mwanachuo.

Kisha piga hesabu ya ada. Kampuni kama Paddle na Lemon Squeezy, zinazouza kwa niaba yako na kushughulikia VAT ya nchi ya mnunuzi, zina ada ya msingi ya asilimia 5 na senti 50 za dola kwa kila mauzo. Senti hizo 50 ndizo zinazoila bei ndogo. Kwenye dola 40 ada ni dola 2.50. Kwenye dola 20 ni 1.50, yaani asilimia 7.5. Ukishuka hadi dola 3, ada ni senti 65, zaidi ya asilimia 21, na barua moja tu ya kuomba msaada inamaliza kilichobaki. Kwa hiyo toa nusu bei, au toa bure kabisa. Punguzo la asilimia 10 halifai: kazi ya kuhakiki ni ile ile, na asiyeweza kulipa 40 hataweza 36.

Leseni iwe ya mwaka mmoja, ihuishwe kwa kuthibitisha upya. JetBrains, kampuni inayotengeneza zana za waandishi wa programu, hufanya hivyo kwa leseni zake za bure za wanafunzi. Usikate vipengele wala kubandika alama kwenye kazi zao. Mtu hununua kesho kile alichokizoea leo. Muda ukiisha, programu iendelee kufungua na kuhamisha mafaili ya zamani. Kumfungia mwanafunzi tasnifu yake ni kumpoteza moja kwa moja. Andika pia kwenye leseni kama anaruhusiwa kufanya kazi za malipo. Ruhusu, kwa sababu wanachuo wengi hufanya vibarua na huna njia ya kuwakagua.

Kwenye uhakiki ndiko wengi hukosea. Tuma kiungo cha uthibitisho kwenye barua pepe ya chuo, usikubali anwani iliyoandikwa tu. Programu yako ikague mwisho wa anwani pamoja na nukta yake: “.ac.tz”, “.ac.ke”, “.ac.ug”. Ukitafuta “ac.tz” popote ndani ya anwani, mtu atapita na “ac.tz.mfano.com”. Futa alama ya kujumlisha na kinachoifuata kabla ya @, kwa kuwa barua za “jina+1@” na “jina+2@” huweza kufika sanduku moja, la sivyo mtu mmoja atachukua leseni kumi. Kwa vyuo visivyotumia miisho hiyo, kuna orodha ya wazi iitwayo swot kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, inayotunzwa na JetBrains. Wahadhiri watapita humo humo. Wape tu, wao ndio watakaoipendekeza darasani.

Si wanachuo wote wa Afrika Mashariki wenye barua pepe ya chuo inayofanya kazi. Wafungulie njia ya pili: picha ya kitambulisho chenye tarehe ya mwisho, namba ikiwa imefunikwa. Iangalie, andika “amethibitishwa”, kisha ifute picha siku hiyo hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinalinda taarifa binafsi kama hizo, na picha usiyonayo haiwezi kuvuja.

Usitoe msimbo mmoja wa punguzo kwa wote. Utasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na wateja wa bei kamili watautumia pia. Zalisha msimbo wa mtu mmoja, wa matumizi mara moja, unaokufa baada ya siku 14.

Aliyelipa bei kamili akakumbuka punguzo baadaye, mrudishie tofauti ndani ya siku 30. Soma kwanza masharti ya kampuni inayouza kwa niaba yako: ada ya mauzo ya awali huenda isirudi, na hiyo utaibeba wewe.