SOMO: Kutoka idadi ya elektroni hadi umbo la klasta ya gerimani

Wakuu, swali la "Ge₉⁴⁻ (klasta, yaani kundi la atomu 9 za gerimani zilizofungana, lenye chaji −4) ina umbo gani na kwa nini" limeulizwa hadi limechakaa. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamletea hapa.

1. Hesabu elektroni za valensi. Gerimani ina 4 kwa kila atomu, sawa na bati na risasi. 9 × 4 = 36.

2. Ongeza chaji hasi. 36 + 4 = 40.

3. Toa elektroni zisizojenga klasta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kila atomu ina jozi moja inayotazama nje, na jozi hiyo haishikilii chochote. 9 × 2 = 18, kwa hiyo zinabaki 22. Usiziache ndani kwa kisingizio kwamba nazo ni za valensi. Kuweni macho na jambo la pili: atomu iliyofungana na klasta nyingine haina jozi hiyo, kwa sababu imetoa elektroni 1 kwenye bondi ya nje. Hiyo unaitolea 1, si 2.

4. Linganisha elektroni zilizobaki na kanuni za Wade (1971), zinazotaja umbo kwa idadi ya elektroni hizo. n ni idadi ya atomu: 2n+2 ni klozo, umbo lililofungwa, 2n+4 ni nido, kona moja wazi. 22 = 2×9+4. Nido.

5. Chukua umbo lililofungwa la kona 10, ondoa moja. Unabaki na miraba miwili, mmoja umezungushwa nyuzi 45 juu ya mwenzake, na atomu moja juu ya mraba mmoja.

MASWALI

— Mkuu, nimepata 40, hailingani na kanuni yoyote.
Hatua ya 3.

— Na Ge₉²⁻?
38 − 18 = 20, yaani 2n+2. Klozo: mche wa pembetatu wenye atomu moja juu ya kila uso wa mraba.

— Hatua ya 3 si ya lazima, mwalimu wetu hakuifundisha.
Ni ya lazima. Hesabu bila hiyo uone.

— Klasta mbili zikiungana hesabu inakuwaje?
Swali zuri sana. Xu na Sevov waliripoti Ge₁₈⁶⁻ mwaka 1999. Kila nusu ni Ge₉³⁻: elektroni 39. Atomu 8 zina jozi, 16. Ya tisa inatoa 1 kwenye bondi. 39 − 17 = 22, nido ileile! Klasta imepoteza elektroni moja, ikapata jirani, na ndani hakuna kilichobadilika. Baadaye zilipatikana hata minyororo ya klasta tatu (chaji −6) na nne (−8).

— Kanuni hii huwa inashindwa?
Ndiyo. Bi₉⁵⁺ (bismuthi, elektroni 5 za valensi kwa kila atomu): 45 − 5 = 40, toa 18, nayo ina 22 za nido, lakini katika fuwele ya Bi₂₄Cl₂₈ imekaa kama mche wenye kofia tatu, umbo lile la klozo. Nishati ya maumbo haya mawili hukaribiana, na hata Ge₉⁴⁻ kwenye fuwele mara nyingi huwa katikati yake. Pima pembe kabla ya kutaja jina.

— Nje ya mada: kriptandi (molekuli yenye umbo la kizimba) ya nini kwenye etilinidiamini, kiyeyushi cha klasta hizi?
Inaifungia K⁺ ndani yake isiibane klasta, na fuwele hupatikana kwa urahisi zaidi. Kausha kiyeyushi kwanza, na hewa isiingie kabisa.